Digrii unayo, kazi unaijua?

Leo naomba tuweke pembeni stori za mapenzi na mitoko ya wikiendi. Tuzungumze habari za wasomi wetu wa biashara, wale wanaozunguka na bahasha za kaki kutoka ofisi moja hadi nyingine tangu asubuhi mpaka viatu vinaomba maji.

Hebu tuanze na hesabu, maana leo tunaongea na watu wa hesabu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Maombi yaliyomiminika yalizidi 135,000. Gawanya mwenyewe, utaona ni zaidi ya watu 80 wanaogombea kiti kimoja! Na kama unadhani hayo ni mambo ya juzi tu, kumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipofurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Uwanja wa mpira ukageuka chumba cha usaili.

Kwa hiyo mtu akikwambia kijana hana kazi kwa sababu ni mvivu, mwambie akalale. Nafasi ni chache, basi. Hata chuo kifundishe namna gani, hakiwezi kuvifanya viti 1,596 vikawatosha watu 135,000. Hilo nalisema mapema ili nisionekane nawasimanga ndugu zangu. Lakini jiulize, wale zaidi ya 133,000 waliobaki, wanarudi mtaani na nini mkononi? Hapo ndipo ugomvi wangu na vyuo vyetu unapoanzia.

Boksi la viatu

Kuna mzee mmoja namfahamu, ana duka la jumla la vipuri vya magari Kariakoo. Jina lake naliweka kapuni kwa sababu hapendi kuandikwa magazetini. Mzee huyu alikuwa anatafuta mtu wa kumwekea mahesabu. Hakutaka kuona cheti wala hakuuliza mtu alipata GPA ya ngapi. Usaili wake ulikuwa boksi la viatu.

Ndani ya boksi kulikuwa na risiti za mashine ya EFD, ankara za mzigo, taarifa ya benki, meseji za malipo ya simu alizozinakili kwa mkono, na daftari la madeni lenye alama za grisi kwenye jalada. Swali lilikuwa moja tu: "Mwezi uliopita nimepata faida au nimekula hasara?"

Mimi nilikuwepo pale dukani, nimekaa kwenye benchi na soda yangu. Walikuja vijana sita, wote na digrii za biashara au uhasibu. Wa kwanza aliuliza kama kuna fomu maalumu ya kujaza. Wa pili alisema yeye hupokea hesabu zikiwa zimeshapangwa, kazi yake ni kuzichambua. Wa tatu, kijana mtanashati, tai imekaa mahali pake, alieleza maana ya faida ghafi kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa. Mzee akabaki anamtazama kama mtu anayeangalia sinema ya Kihindi isiyo na tafsiri. Wa nne na wa tano waliomba wapewe wiki moja, na wiki ilipokwisha hawakuonekana tena.

Wa sita alikuwa binti. Akalimwaga boksi zima juu ya kaunta, akaanza kupanga mafungu. Huku mauzo, huku manunuzi, huku madeni, huku yasiyoeleweka. Baada ya kama saa nzima akainua kichwa.

"Samahani mzee, hii laki nne uliyoitoa tarehe 12, ulinunulia mzigo au ulilipia ada ya mtoto?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa ada.

"Basi mzee wangu, hiyo haiingii kwenye matumizi ya duka. Hiyo umejichukulia wewe mwenyewe."

Kazi akaipata siku hiyo hiyo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwamba biashara ni mtu mmoja na mwenye biashara ni mtu mwingine, hilo ni somo la wiki za mwanzo kabisa za uhasibu. Wote sita walilisoma. Wote walilijibu kwenye mtihani, na huenda yule wa tai alipata maksi nyingi kuliko binti. Nikamuuliza binti siri yake. Akaniambia mama yake ni mama lishe, na tangu yupo darasa la tano yeye ndiye aliyekuwa akipiga hesabu za jioni: hela ya mchele, hela ya mkaa, na ile aliyoazimwa shangazi kutoka kwenye kopo la mauzo. "Chuo," akasema, "kilinipa majina ya vitu ambavyo nilikuwa navifanya."

Umeona wenzangu? Aliyemfundisha kazi yule binti ni mama lishe. Chuo kilikuja baadaye kubandika majina.

Asiye na mama lishe je?

Hili ndilo linaloniuma. Mtoto wa mfanyabiashara hata asipofundishwa kazi chuoni ataiokota nyumbani. Ataiona bidhaa ikikataa kutoka, atamwona baba akimbembeleza mdaiwa, atajua mteja mkorofi anajibiwaje. Lakini yule ambaye baba yake aliuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto aje mjini kusoma, yeye tegemeo lake ni chuo peke yake. Chuo kikimpa madesa matupu, basi amerudi kijijini na karatasi yenye mhuri, huku ng'ombe ameshaliwa mnadani.

Na ana deni. Waliosoma kwa mkopo wa Bodi wanajua. Ukipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa. Usipoipata, deni halikusahau, linakusubiri tu kwa uvumilivu kama mwenye nyumba.

Tuseme ukweli kuhusu maisha ya chuo. Bumu likitoka, shangwe. Mtihani ukikaribia, watu wanatafuta madesa ya mwaka juzi, wanayameza, wanayatapika kwenye karatasi, wanamshukuru Mungu kwamba hawakusapu wala hawakudisko. Wiki mbili baadaye kichwa cheupe. Nani alaumiwe? Kama mtihani unataka nitaje sifa tano za kiongozi bora, mimi nina wazimu gani nikaongoze watu?

Halafu kuna kazi za kundi. Majina saba juu ya karatasi, aliyefanya ni mmoja. Wengine wawili walichangia hela ya kuchapisha, mmoja alileta jalada la plastiki, waliobaki walituma ujumbe wa "tupo pamoja". Wote saba maksi sawa! Eti hapo ndipo tunajifunza kushirikiana. Tunachojifunza ni kupanda lifti.

Na fildi? Hiyo ndiyo ilitakiwa iwe dawa. Wengi wanaijua ilivyo: wiki kadhaa za kutoa fotokopi, kupeleka barua ghorofa ya nne na kumnunulia bosi vocha. Mhadhiri anapita mara moja, anauliza "unaendeleaje?", unajibu "vizuri". Siku ya mwisho daftari la kumbukumbu linasainiwa kurasa zote kwa mkupuo, kwa kalamu ile ile. Dada mmoja aliniambia alikaa idara ya uhasibu ya kampuni moja mpaka fildi ikaisha na hakuwahi kuona jinsi daftari la fedha linavyolinganishwa na taarifa ya benki, kazi ambayo kwenye ofisi inayojiheshimu hufanyika kila mwezi. Alijua tu chai ya nani haina sukari.

Wazee wetu walifanyaje?

Kabla hamjasema nimeleta mambo ya Ulaya, turudi nyuma kidogo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kijana akimaliza kidato cha sita aende kwanza jeshini, JKT, kisha afanye kazi, ndipo aombe kuingia chuo kikuu, tena kwa kupendekezwa na pale alipofanya kazi. Kitivo cha Biashara na Menejimenti pale Mlimani kilianzishwa mwaka 1979, enzi ambazo mawazo hayo bado yalikuwa hewani. Masharti yale yalilegezwa polepole na mwisho yakaachwa, na yalikuwa na kero zake, maana mtu angeweza kukwama kazini na chuo akakisikia redioni. Lakini fikiria darasa ambalo nusu ya watu wameshawahi kuhesabu stoo au kukaa dirishani benki. Mhadhiri akisema "uchakavu wa mali", wanaiona ile lendirova mbovu ya ofisini kwao.

Halafu enzi zile serikali ndiyo ilikuwa inakupangia kazi. Ukihitimu, shirika la umma linakusubiri, utajifunza mbele kwa mbele chini ya mhasibu mzee mwenye miwani. Miaka ya 1990 mashirika yakaanza kubinafsishwa, mengine yakafa kifo cha mende. Benki ya NBC yenyewe ikagawanywa mwaka 1997, ikazaliwa NMB. Yule mhasibu mzee akapunguzwa kazi, akaenda kufuga kuku. Mwajiri binafsi aliyekuja nafasi yake anataka mtu wa kuanza Jumatatu na kuzalisha Jumanne. Kazi ilihama, ila mitaala mingi iliendelea kusubiri palepale kituoni.

Sisemi kwamba wakubwa wamelala. Mwaka 2021 ulipitishwa mradi wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya elimu ya juu, na moja ya mambo yake ni kupitia mitaala upya na kuwasikiliza waajiri. Safi sana. Hofu yangu ni moja. Sisi Waswahili tukiambiwa kitu kimepungua, tunaongeza somo. Vijana hawajui kuongea? Waongezewe Stadi za Mawasiliano. Hawajui kujiajiri? Waongezewe Ujasiriamali. Basi, desa jipya limezaliwa, nalo litamezwa na kutapikwa kama yale mengine. Mtu anapata A ya Ujasiriamali na hajawahi kuuza hata karanga.

Kazi imo humo humo ndani ya masomo

Mimi naona hivi. Ujuzi wa kazi usiwe somo la pembeni kama kachumbari kwenye sahani ya pilau. Uwekwe ndani ya kila somo lililopo, na utolewe maksi. Mwanafunzi ni kiumbe anayefuata maksi. Zipeleke kwenye kazi, utamkuta hukohuko.

Somo la uhasibu: kila watu watatu wapewe boksi la viatu. Kariakoo, Mwanjelwa, Kirumba, maduka yasiyo na mahesabu yamejaa tele, na wenyewe watashukuru. Mwisho wa muhula uje na hesabu, na mwenye duka aulizwe kama amezielewa. Tena umweleze kwa Kiswahili! Hapa pana jambo. Chuo kinafundisha kwa Kiingereza, mteja anaongea Kiswahili, na msomi wetu amekwama katikati ya daraja. Usaili wa benki utafanya kwa Kiingereza, sawa, lakini mzee wa vipuri utamwambiaje kwamba duka lake lina faida kwenye makaratasi na droo haina kitu?

Somo la kodi: acheni kuuliza tu VAT maana yake nini. Mpe mtu mauzo na manunuzi ya mwezi, ajaze ritani, na ajue kwamba tarehe 20 ya mwezi unaofuata ikipita, mwajiri wake anapigwa faini. Akichelewa kukusanya zoezi, na yeye apigwe faini ya maksi. Hapo atakuwa ameijua kodi kwa uchungu wake.

Somo la masoko: uza kitu. Kitu chochote halali. Ulete kumbukumbu za mauzo, na uandike ukurasa mmoja kuhusu mteja aliyekataa na kwa nini alikataa. Naapa, huyo aliyekataa atakufundisha kuliko vitabu vitatu.

Somo la ukaguzi: andika barua ya heshima kumwambia mkurugenzi kwamba hela milioni mbili za peti keshi hazina risiti. Kusema neno chungu bila kutukana wala kujipendekeza, huo ni ujuzi unaolipwa mshahara.

Kazi za kundi ziendelee, ila mhadhiri achague mwenyewe nani asimame kueleza, na maksi za huyo ziwe za wote. Nakuhakikishia mlala hoi wa kundi ataamshwa usiku wa manane na wenzake. Na fildi iwe na makubaliano ya maandishi: mambo matatu ambayo mwanafunzi lazima ayafanye kwa mikono yake, na mwajiri ayatolee maksi. Chai isiwemo.

Mtanirushia mawe

Najua wahadhiri wataninunia. Watasema, "Bwana mwandishi, nina wanafunzi 300 kwenye ukumbi mmoja, nitasahihisha maboksi 300 ya viatu?" Hoja ni ya kweli, sibishi. Tena mhadhiri anapanda cheo zaidi kwa makala alizochapisha kuliko kwa wanafunzi waliotoka kwake wakiwa wanajua kazi. Nani apoteze usiku wake bure? Basi hapo ndipo hela za miradi ziende: wasaidizi wa kusahihisha, wahasibu wastaafu waje siku moja kwa wiki, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye kupandishwa vyeo. Ukishona mitaala mipya bila kugusa hilo, umeshona suti ya mtu usiyempima.

Na nyie waajiri msijifiche nyuma ya pazia. Mnatangaza kazi ya kuanzia, halafu mnataka uzoefu wa miaka mitatu. Aupate wapi, sokoni unauzwa kwa kilo? Mnasema mnalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Sawa, mnalipa. Ila kijana wa fildi akija mlangoni mnamwona mzigo. Fungueni milango na mafaili. Na ile tabia ya kumpa nafasi mtoto wa shemeji huku waliofanya vizuri wakiambiwa "tutawapigia", hiyo haina mtaala wa kuitibu. Mnaijua wenyewe.

Sasa wewe ambaye upo mwaka wa pili, usisubiri mtaala ubadilike, utahitimu kabla. Likizo hii tafuta duka, saluni, gereji, hata kikundi cha vikoba cha mama mdogo, waombe uwawekee hesabu bure kwa mwezi mmoja. Jifunze Excel mpaka vidole vijue njia. Kila kitu ulichofanya kiandike: nilikuta hali hii, nikafanya hivi, ikawa vile. Siku ya usaili, wenzako watakapotaja sifa tano za kiongozi bora, wewe utakuwa na stori ya kweli ya kusimulia. Na hata usipoitwa kwenye usaili, mwenye duka mmoja akiridhika atamwambia jirani yake. Maduka matano kwa mwezi siyo mshahara wa TRA, lakini hata kodi ya chumba inalipwa na hela hiyo hiyo.

Na wewe uliyekwishahitimu, uliyekaa kijiweni na transkripti ndani ya nailoni ili isilowane, sikucheki hata kidogo. Ulifanya ulichoambiwa. Walikwambia soma, ukasoma. Walikuonyesha ramani ya jiji, hawakukutembeza. Miguu unayo bado, kaka. Anza na duka la jirani.

Naishia hapo kwa leo. Wenye hasira na wenye hoja leteni barua zenu, nitazisoma zote, hata za wahadhiri. Wiki ijayo panapo majaaliwa tutarudi kwenye mambo yetu matamu: mtu anayekopa hela ya kuvaa harusini, na harusi yenyewe si yake. Wikiendi njema!